Chungu cha Mchanga ni kwa Mboga Nzima, Si kwa Zilizokatwa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kumwagilia bustani wakati wa kiangazi. Sasa mboga zimekomaa. Umechuma mchicha. Umechuma bamia na nyanya. Gulio ni keshokutwa, na jua ni kali. Utafanya nini ili mboga hizo zifike gulioni zikiwa bado mbichi?

Swali hili si dogo. Mtu amelima, ametia samadi, amebeba maji kichwani kutoka kisimani. Mwisho wake mboga zinanyauka ndani ya tenga, naye anarudi nyumbani na nusu ya mzigo. Kazi ya miezi 2 inapotea kwa siku 1.

Wako pia akina mama ambao wamepata wateja wazuri. Shule inataka kabichi. Hoteli ya chakula inataka sukuma wiki iliyokatwa tayari. Basi mama anakata mboga usiku ili asubuhi asichelewe. Akifungua ndoo asubuhi anakuta mboga zina joto, zina maji, na harufu imebadilika. Mwezi huu tutaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na mahali ambapo chungu kinaweza kutusaidia. Tutaeleza pia mahali ambapo chungu hakiwezi.

MBOGA INAPUMUA

Mboga ikichumwa haifi papo hapo. Inaendelea kupumua. Inavuta hewa, inatumia chakula kilichomo ndani yake, na inatoa joto. Ukitaka kuamini, jaza gunia majani mabichi, ulifunge, uliache mpaka kesho. Kisha ingiza mkono katikati ya gunia. Utasikia joto.

Shambani mizizi huleta chakula na maji. Ndani ya tenga hakuna mizizi. Mboga inakula akiba yake. Akiba ikiisha, jani linakuwa njano, linalegea, linaoza.

Joto hupimwa kwa digrii. Maji huganda kuwa barafu kwenye digrii 0. Mwili wa mtu mwenye afya una digrii 37 hivi. Mchana wa kiangazi hewa inaweza kufika digrii 30 au zaidi. Sasa shika jambo hili: joto likipanda kwa digrii 10, mboga hupumua haraka mara 2 au hata mara 3. Kwa hiyo mboga iliyowekwa kwenye digrii 30 inamaliza akiba yake upesi sana kuliko ile iliyowekwa kwenye digrii 20.

Adui wa pili ni ukavu. Sehemu kubwa ya mboga ni maji. Kati ya kilo 10 za mchicha, kilo 9 hivi ni maji. Mchicha ukipoteza hata kilo 1 katika kilo 10, tayari umenyauka na mnunuzi anaugeuza geuza na kuurudisha chini. Kama unauza kwa kupima, umepoteza pia uzito. Piga hesabu: ulikuwa na kilo 20, umebaki na kilo 18. Zile kilo 2 zimechukuliwa na upepo, na upepo haulipi.

Basi mambo ni mawili. Ondoa joto katika mboga, na zuia mboga isikauke.

ANZA NA SAA YA KUCHUMA

Dawa ya kwanza haina gharama. Chuma asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Usiku mboga imepoa na imekunywa maji. Mboga iliyochumwa saa 12 na nusu asubuhi imeingia katika tenga ikiwa baridi. Ile iliyochumwa saa 7 mchana imeingia na joto la jua lote, na joto hilo halitoki upesi.

Ukichuma, weka kivulini mara moja. Usiache mafungu katikati ya shamba unapoendelea na tuta jingine. Nusu saa tu ya jua inatosha kuuharibu mchicha. Usishindilie mboga katika gunia, maana zile za katikati hazipati hewa. Tenga lenye nafasi ni bora. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kwa muuza mboga hiyo si hasara hata kidogo. Mboga iliyofungwa ndani ya plastiki juani hupikika kabla ya kufika jikoni.

Karoti zina jambo lake. Kata majani yake mara tu baada ya kung'oa. Majani yanaendelea kuvuta maji kutoka katika karoti, na karoti inalegea. Wengi huyaacha ili karoti zipendeze. Kama unauza siku hiyo hiyo, sawa. Kama unaziweka, yakate.

MTUNGI UNATUFUNDISHA

Kila mtu aliyelelewa kijijini anajua kwamba maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo. Sababu yake ni nini? Mtungi wa udongo una vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Maji hupenya polepole na kutokea nje. Ndiyo maana tunasema mtungi unatoa jasho. Hewa kavu ikipita, jasho hilo hukauka. Likikauka linaondoka na joto la mtungi.

Joto linaloondoka si kidogo. Lita 1 ya maji ikikauka yote, inachukua joto linaloweza kufanya zaidi ya lita 5 za maji yaliyo baridi kama barafu yafike kwenye kuchemka. Mwili wako unatumia njia hiyo hiyo. Ukitoa jasho kisha upepo ukakupiga, unasikia baridi.

Katika mwaka 1995, mwalimu mmoja wa kaskazini ya Nigeria, Bwana Mohammed Bah Abba, alianza kuwapa wanavijiji wa kwao vyungu viwili vya kuwekea mboga, kimoja ndani ya kingine, na mchanga katikati. Yeye alitoka katika ukoo wa wafinyanzi. Nchi yao ni kavu na yenye joto. Taarifa za kazi yake zilieleza kwamba biringanya zilizokuwa zikikaa siku 3 ziliweza kukaa siku 27 ndani ya vyungu hivyo. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Na wewe unaweza kutengeneza. Tafuta chungu kikubwa na chungu kidogo kinachoingia ndani yake. Visiwe vimepakwa rangi wala mafuta, kwa sababu rangi huziba vile vitundu. Weka mchanga chini ya chungu kikubwa, kiasi kwamba ukikiweka kile kidogo juu yake, midomo yao iwe sawa. Kisha jaza mchanga safi wa mtoni katika nafasi iliyobaki kati ya vyungu hivyo. Nafasi ya vidole 2 au 3 pande zote inatosha. Mwagia maji katika mchanga mpaka uloe vizuri. Usimwage maji ndani ya chungu kidogo. Humo ndimo mboga zitakamokaa, nazo hazitaki kulala majini. Weka vijiti vichache chini ili zisigusane na unyevu. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa.

Sasa mahali. Chungu kiwekwe kivulini, juu ya mafiga 3 au kichanja, mahali ambapo upepo unapita. Wengi hukosea hapa. Wanakificha ndani ya chumba kilichofungwa wakidhani kwamba huko ndiko kwenye ubaridi. Upepo usipopita, maji hayakauki. Maji yasipokauka, chungu hakipoi. Mwagia mchanga asubuhi na jioni. Siku ya jua kali ongeza na mchana.

Kama ninyi ni kikundi na mna mboga nyingi, vyungu havitatosha. Watafiti wa kilimo wa New Delhi, nchini India, walibuni chumba kidogo cha matofali katika miaka ya 1980. Jengo lenyewe ni kama sanduku kubwa, chini ya kimo cha mtu. Ukuta wake ni wa matofali, lakini ni kuta mbili. Kati ya ukuta na ukuta mnaacha nafasi ya sentimeta 7 na nusu na kuijaza mchanga. Mnalowesha mchanga na matofali, mnaweka mfuniko wa majani makavu au mabua, na mnajenga kipaa cha kuzuia jua. Matofali ya kuchoma ni bora. Matofali mabichi yatalowa na kubomoka. Chumba hiki hakitumii umeme wala mafuta. Kinatumia maji tu. Kwa hiyo kabla ya kujenga, kaeni na mkubaliane nani atabeba maji kila siku. Mimi naona chumba kama hiki hakitashindwa kwa sababu ya matofali. Kitashindwa kwa sababu ya zamu ya maji.

DODOMA NDIYO, TANGA MJINI HAPANA

Chungu cha mchanga hakifanyi kazi sawa kila mahali. Kinahitaji hewa kavu. Wakulima wa Dodoma na Singida wana bahati. Huko mvua hunyesha miezi michache, na miezi mingine hewa ni kavu kabisa. Mchana ukiwa na digrii 30, ndani ya chungu panaweza kuwa na digrii 20 hivi.

Pwani ni tofauti. Tanga mjini, Dar es Salaam au Lindi hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho la mtungi halikauki upesi. Chungu kitapoa kwa digrii chache tu. Bado kitasaidia mchicha usinyauke, kwa sababu ndani mna unyevu, lakini usitegemee ubaridi. Wakulima wa Lushoto, walioko milimani katika mkoa huo huo wa Tanga, wana ubaridi wao wa asili usiku. Shida yao huanza pale mzigo unaposhuka bondeni kwenda Dar es Salaam. Kwao dawa ni kusafirisha usiku, na kuyapanga matenga ndani ya gari ili hewa ipite kati yao.

Ukitaka kujua kama kijiji chako kinafaa, usinunue kitu. Weka maji katika mtungi na maji mengine katika ndoo, vyote kivulini. Saa 8 mchana gusa yote mawili. Kama maji ya mtungi ni baridi waziwazi, chungu cha mchanga kitakufaa. Kama hakuna tofauti kubwa, fedha ya chungu inunulie matenga.

MBOGA ZISIZOPATANA

Usiweke matunda yaliyoiva pamoja na mboga za majani. Ndizi, maembe, mapapai na maparachichi yakiiva hutoa hewa fulani inayoitwa ethilini. Hatuioni, lakini mboga zinaisikia. Mchicha na kabichi hugeuka njano. Matango nayo hugeuka njano. Karoti huwa chungu. Nyanya zilizoiva nazo hutoa hewa hiyo, basi zipe chungu chake.

Vitunguu na viazi visiingie humo kabisa. Vitunguu vinataka mahali pakavu penye hewa. Viazi vinataka mahali pakavu penye giza. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

SASA TUJE KWENYE MBOGA ILIYOKATWA

Ngozi ya mboga ni kama ngozi ya mtu. Inazuia maji yasitoke na inazuia vijidudu visiingie. Ukikata kabichi umeitia majeraha mengi. Maji yanatoka, utamu unatoka, na vijidudu vinapata chakula kilichotayarishwa. Mboga yenyewe, kwa kuwa imeumia, inapumua haraka kuliko kabla ya kukatwa. Kingo zake zinageuka rangi ya kahawia. Vitamini C nayo inapungua.

Vijidudu havionekani, lakini hesabu yake tunaweza kuifanya. Katika joto vinalolipenda, baadhi ya vijidudu vinavyoleta kuhara huweza kuongezeka mara 2 kila dakika 20. Kijidudu 1 kinakuwa 2, kisha 4, kisha 8. Hiyo ni saa 1 tu. Saa 2, ni 64. Saa 3, ni 512. Endelea mwenyewe kwenye daftari lako. Ukifika saa 6 utapata 262,144. Na mama aliyekata mboga saa 3 usiku akaziuza saa 12 asubuhi ameziacha kwa saa 9.

Ili kuvichelewesha vijidudu hivi, mboga iliyokatwa inahitaji ubaridi wa digrii 5 au chini yake. Tumeona kwamba chungu cha Dodoma siku nzuri kinafika digrii 20. Hata ukikimwagia maji mara 10 hakitafika digrii 5. Kwa mboga nzima digrii 20 ni msaada mkubwa. Kwa mboga iliyokatwa hazitoshi. Tena unyevu wa chungu, ambao ni mzuri kwa mchicha mzima, unavifurahisha vijidudu juu ya mchicha uliokatwa.

Kwa hiyo, kama huna jokofu, usikate leo mboga ya kesho. Usiku fanya kazi nyingine zote. Chambua mboga. Ondoa majani yaliyooza na yenye wadudu. Tayarisha visu na ubao. Asubuhi osha mboga zikiwa nzima, kwa maji safi, zichuje, ndipo ukate. Usioshe baada ya kukata, maana vitamini zinaondoka na maji. Kama ni kabichi nyingi za shule, ongeza visu. Akina mama 4 wakianza saa 11 alfajiri watamaliza mapema kuliko mmoja aliyekesha.

Muuzaji wa sokoni naye akate mbele ya mnunuzi. Mnunuzi anaona kisu ni safi na mboga ni mbichi. Kisichonunuliwa kinabaki kizima na kinaweza kurudi chunguni. Ukikata fungu zima asubuhi, jioni utabaki na kitu cha kuwapa kuku.

Kachumbari iangaliwe zaidi kuliko zote, kwa sababu hailiwi baada ya kupikwa. Mboga ya kupikwa moto huua vijidudu vyake vingi. Kachumbari haipiti motoni. Itengenezwe chakula kikiwa tayari, iliwe yote. Wako wanaosema kwamba ndimu na chumvi huilinda mpaka kesho. Msiwasikilize. Watoto wadogo ndio wanaoumia kwanza, na mtoto mdogo akiharisha anaweza kuishiwa maji mwilini kwa muda mfupi.

KAMA UNA JOKOFU

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na baadhi yenu mna jokofu, au kikundi kina moja. Hapo unaweza kuweka mboga zilizokatwa, lakini kwa masharti. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga nzima na uzichuje mpaka maji yasidondoke. Tumia kisu kikali. Kisu butu husaga jani badala ya kulikata, na jani lililosagwa linaoza upesi. Weka katika chombo safi chenye mfuniko, na chini yake tandika kitambaa safi kikavu kinywe maji yatakayotoka. Usijaze mpaka juu. Ziingie baridini mara tu ukimaliza kukata, na zitumike katika siku 2 au 3. Nyama mbichi ikae chini ya mboga, isikae juu yake, ili damu isidondoke.

Jokofu lisijazwe mpaka hewa ikakosa njia. Wala lisifunguliwe kila dakika na watoto wanaotafuta maji baridi. Umeme ukikatika, acha mlango umefungwa. Lililofungwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Mboga zilizokatwa zikishakaa kwenye joto zaidi ya saa 2, usizirudishe baridini kama kwamba hakuna kilichotokea. Wape kuku.

Jambo moja huwashangaza wenye jokofu jipya. Si kila mboga nzima inapenda baridi kali. Kabichi, karoti na mboga za majani zinaipenda. Lakini nyanya, matango, bamia na biringanya zilitoka katika nchi za joto. Zikikaa siku nyingi katika digrii 4 zinaumia. Bamia inapata madoa meusi. Tango linakuwa na mashimo mashimo na kutoa maji. Nyanya iliyochumwa bado kijani haitaiva vizuri tena. Mboga hizo, zikiwa nzima, zinakaa vizuri zaidi katika kile chungu cha mchanga kuliko ndani ya jokofu la fedha nyingi. Kwa hiyo mwenye jokofu asivunje chungu chake.

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kukausha mchicha na majani ya kunde kivulini, kwa wale wenye mboga nyingi kuliko wanunuzi.